Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kuchanganya Makutupora Nyekundu na Zabibu za Kimataifa

Hotuba kwa wakulima na wasindikaji wa zabibu, Dodoma

Mbukwenyi, ndugu wakulima, wasindikaji na wauzaji wa mvinyo.

Leo tunazungumzia mvinyo wa mseto, yaani mvinyo mmoja uliotokana na aina mbili au zaidi za zabibu, moja ya hapa kwetu na nyingine ya kimataifa. Tutashughulika hasa na Makutupora nyekundu, zabibu yetu ya Dodoma, pamoja na Syrah au Cabernet Sauvignon, kwa kuwa huko ndiko maswali mengi yaliko. Msimamo wetu tuuseme mapema ili asiyekubali ajue pa kutubana: zabibu ya kigeni iingie kuziba pengo lililopimwa katika mvinyo wa mwenyeji, iingie kwa asilimia ndogo, na iingie baada ya kila mvinyo kukamilika peke yake. Aliyemwaga zabibu zote katika tangi moja kwa sababu lori limezileta pamoja, huyo hajatengeneza mseto. Amekwepa kuosha tangi la pili.

Kabla hatujaenda mbali, neno "zabibu za ndani" linatuchanganya. Syrah asili yake ni bonde la Rhône, Ufaransa. Ikilimwa Hombolo au Chinangali hapa Dodoma inabaki kuwa aina ya kigeni, lakini ni zao la Tanzania. Sheria yetu ya ushuru wa bidhaa inautenga mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini na kuutoza kiwango chepesi zaidi. Kipimo hicho kinaangalia zabibu imelimwa wapi, hakiulizi jina la mche. Kwa hiyo Makutupora na Syrah zilizotoka mashamba ya Dodoma zote zinahesabika za ndani. Anayenunua mvinyo wa jumla kutoka Afrika Kusini kuja kuongezea rangi, huyo ndiye mwenye hesabu ya kufanya, na daftari lake la tangi lionyeshe kila lita ilikotoka. Leo hatuzungumzii mseto wa namna hiyo. Tunazungumzia mazao ya shambani kwetu.

Mfano wenye funzo kuliko yote ni wa Toscana, Italia, kwa sababu walikosea pande zote mbili. Zabibu yao ya asili ni Sangiovese, yenye uchachu mkali na rangi isiyokoza sana. Kanuni za mwaka 1967 za Chianti, mvinyo mwekundu wa huko, ziliwalazimisha watengenezaji kuchanganya humo zabibu nyeupe, kati ya asilimia 10 na 30. Mvinyo ukawa mwepesi, ukachakaa haraka chupani. Familia ya Antinori, pamoja na mtaalamu wao Giacomo Tachis, wakatoa mvinyo wao uitwao Tignanello, wa mavuno ya mwaka 1971, bila kufuata kanuni hizo, na kwa hiyo ikauzwa kama mvinyo wa mezani tu, daraja la chini kabisa kwa sheria, ingawa bei yake haikuwa ya daraja hilo. Miaka michache baadaye wakaongeza Cabernet Sauvignon, na tangu 1982 mseto ukatulia karibu na asilimia 80 ya Sangiovese, 15 ya Cabernet Sauvignon na 5 ya Cabernet Franc. Angalieni namba hizo vizuri. Mgeni ni asilimia 20 kwa jumla, na bado mvinyo huo ulihesabiwa kuwa wa kimapinduzi.

Wengine wakaona fedha, wakaiga kwa pupa. Cabernet na Merlot zikaongezwa, mapipa madogo mapya ya mwaloni yakajazwa, na baada ya muda mivinyo mingi ya Toscana ikawa na ladha ambayo ungeweza kuipata California au Chile. Watengenezaji wa Chianti Classico, eneo la kitovu cha Chianti, wenyewe wakaanza kurudi nyuma. Mwaka 2006 zabibu nyeupe ziliondolewa kabisa katika mvinyo wao, na mwaka 2021 walipitisha uamuzi kwamba daraja lao la juu, Gran Selezione, liwe na angalau asilimia 90 ya Sangiovese, na hicho kinachobaki kitoke kwa zabibu za asili ya kwao tu. Jirani yao Carmignano hawakuhitaji mzunguko huo wote. Huko Cabernet iko tangu enzi za watawala wa Medici, wakulima wakiiita zabibu ya Kifaransa, na kanuni za leo zinataka Cabernet iwe kati ya asilimia 10 na 20, na Sangiovese isipungue 50. Afrika Kusini nako wana mseto wanaouita wa Cape, unaojengwa juu ya Pinotage, zabibu iliyozalishwa huko mwaka 1925 na Abraham Perold kwa kupandanisha Pinot Noir na Cinsault. Wengi wao huweka Pinotage kati ya asilimia 30 na 70, lakini hakuna sheria inayowabana, ndiyo maana ukinunua chupa mbili za mseto huo unaweza usione undugu kati yake.

Sasa turudi Dodoma. Swali la kwanza si "niweke Syrah kiasi gani?" Swali la kwanza ni "mvinyo wangu wa Makutupora una upungufu gani?" Upungufu huo uwe na jina: rangi haikozi, ukakasi haupo, harufu ni nyembamba, ladha inakatika katikati ya ulimi, au uchachu umezidi. Kila upungufu una dawa yake, na mara nyingi dawa hiyo haiko kwenye zabibu ya kigeni. Mvinyo wenye kilevi cha asilimia 10 kwa sababu zabibu zilichumwa zikiwa na Brix 18 (Brix ni kipimo cha sukari katika juisi) hautibiwi na Cabernet. Unatibiwa kwa kungoja shambani hadi Brix 22 au 23. Mvinyo uliopauka kwa sababu mavuno yalizidi nguvu ya mche unatibiwa kwa kupunguza vichala.

Kwa jumla mgeni huja na haya. Syrah huleta rangi nzito, harufu ya pilipili manga na matunda meusi, na ulaini katikati ya mdomo. Ubaya wake ni kwamba katika joto la kwetu asidi yake hushuka upesi ikishaiva, na punje huanza kunyauka mchini, hivyo ukichelewa siku chache unapata mvinyo mzito usio na uhai. Cabernet Sauvignon ina punje ndogo na ganda nene, kwa hiyo huleta ukakasi na uti wa mgongo. Ikichumwa mbichi, harufu ya pilipili hoho haifichiki, hata ukiweka asilimia 8 tu. Merlot hulainisha, lakini kama mvinyo wako tayari ni laini haikusaidii chochote.

Tuanze na shamba, maana hapo ndipo sisi wa Dodoma tunawazidi Wazungu nafasi. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, na siku ya mavuno huamuliwa na majira. Kwetu mzabibu haulali kwa baridi. Unaanza upya pale unapoupogolea, ndiyo maana tunavuna mara mbili kwa mwaka. Kutoka kupogolea hadi kuchuma ni kama miezi mitatu na nusu hadi minne na nusu, kutegemea aina na joto. Maana yake ni kwamba tarehe ya mavuno unaiandika wewe kwa mkasi. Kama kiwanda chako kina tangi moja la kuchachushia, usipogolee Makutupora na Syrah wiki moja. Ziachanishe siku 12 hadi 14, ili Makutupora iwe imeshatolewa kwenye maganda na tangi limeoshwa kabla Syrah haijafika. Wanaopogolea shamba zima siku mbili kwa sababu vibarua wamepatikana ndio hao hao wanaolalamika baadaye kwamba zabibu zinaoza zikisubiri.

Jambo la pili la shambani: kwa mvinyo wa mseto tegemeeni zaidi mavuno ya kiangazi, ya Agosti na Septemba. Zabibu iliyoiva katikati ya mvua hunywa maji, Brix yake hushuka, na vichala vyenye punje zilizobanana huota ukungu katikati pasipoonekana. Syrah huumia zaidi hapo. Mavuno ya mvua yanafaa kwa mvinyo mwepesi au mtamu, na si dhambi kuyatumia hivyo.

Chumeni alfajiri. Tumieni kreti za kilo 15 hadi 20, si viroba, kwa sababu kiroba hupasua punje za chini, juisi huanza kuchachuka njiani kwa chachu za porini, na nzi huleta bakteria wa siki. Mvinyo ukishapata siki hakuna mseto wa kuuokoa.

Kiwandani, kila aina ichachushwe peke yake. Kuna wanaochachusha pamoja kwa makusudi, na sababu yao ni nzuri. Côte-Rôtie, Ufaransa, huchachusha Syrah pamoja na kiasi kidogo cha Viognier, zabibu nyeupe, kwa kuwa kuchachuka pamoja hutuliza rangi na kuongeza harufu. Lakini wao wanazijua zabibu hizo kwa vizazi. Wewe ambaye bado unajifunza Syrah ya shamba lako ina tabia gani, ukizichachusha pamoja umefunga mlango: ukikosea uwiano huwezi kuurudisha.

Utaratibu wa kuchachusha hautofautiani sana kati ya aina hizi, kwa hiyo tutapita haraka. Ondoa vikonyo, ponda bila kuvunja mbegu. Tia potasiamu metabisalfaiti, unga wa salfa wa kuzuia vijidudu, kiasi cha gramu 5 hadi 8 kwa kila lita 100. Pima asidi na pH, kipimo cha ukali wa uchachu ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi. Kama pH imepita 3.7, ongeza asidi ya tartariki sasa, kabla ya chachu: gramu 1 kwa lita hushusha pH kwa takriban 0.1 au pungufu kidogo ya hapo. Weka chachu ya kiwandani, gramu 20 hadi 25 kwa lita 100, iliyoamshwa kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 35 hadi 40. Joto la tangi libaki kati ya nyuzi 24 na 28. Likipita 32 chachu huanza kufa na sukari hubaki. Sukuma chini maganda yanayoelea mara tatu kwa siku. Makutupora ikae kwenye maganda siku 5 hadi 7, Syrah unaweza kuiongezea siku mbili tatu ukitaka ukakasi, kisha kamua.

Hapa ndipo subira inapohitajika. Kila mvinyo uachwe umalize mambo mawili: sukari ishuke chini ya gramu 2 kwa lita, na asidi ya maliki igeuzwe kuwa asidi laktiki na bakteria. Hatua ya pili haionekani kwa macho, na haidromita, kifaa cha kupimia sukari, haikuambii kitu. Ipimeni kwa karatasi ya kromatografia au maabara. Ukishapata uhakika, hamisha mvinyo kuuacha na mashapo, tia salfa, jaza tangi hadi juu. Sasa, na si kabla, mnaweza kukaa mezani.

Meza ya majaribio ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo hapa tutakaa.

Mnahitaji silinda ya kupimia ya mililita 100, pipeti ya mililita 10, glasi za umbo moja zisizo na harufu ya sabuni, kalamu ya kuandikia kwenye glasi na daftari. Sampuli zote ziwe na joto moja, nyuzi 18 hadi 20. Mvinyo uliotoka tangini saa nane mchana na ule uliotoka kivulini hauwezi kulinganishwa, kwa sababu joto hupandisha harufu ya kilevi na kulainisha ukakasi. Onjeni asubuhi kabla ya chakula. Watu watatu au wanne watosha, na mmoja wao asiwe mtengenezaji.

Kwanza onjeni kila mvinyo mtupu na mwandike. Kisha tengenezeni glasi tano: Makutupora tupu, halafu Makutupora yenye Syrah asilimia 5, 10, 15 na 20. Kwa silinda ya mililita 100 hesabu ni rahisi: asilimia 15 ni mililita 15 za Syrah na 85 za Makutupora. Mtu mmoja achanganye na kuweka alama za siri. Wengine waonje bila kujua. Swali la kuuliza si "ipi tamu zaidi?" maana ulimi uliochoka huchagua kila siku ile iliyokoza. Muulizane: katika glasi ipi pengo limezibika, na katika glasi ipi Makutupora imetoweka? Jibu la swali la kwanza ndilo kiwango cha chini, jibu la pili ndilo kiwango cha juu. Mseto wenu uko katikati. Mkishapata eneo hilo, rudieni kwa hatua ndogo: 8, 10, 12, 14.

Mtashangaa mara nyingi kuona glasi ya asilimia 10 ikiwa mbaya kuliko ya 5 na ya 15. Hilo si kosa la kuonja. Mseto hauendi kwa mstari ulionyooka. Rangi inaweza kukoza kuliko hesabu ilivyotarajia, kwa sababu chembe za rangi za aina moja hushikana na vitu vilivyomo katika aina nyingine, na vilevile harufu moja inaweza kuifunika nyingine pale inapofika kiasi fulani. Ndiyo maana meza haina mbadala.

Usiamue siku hiyo hiyo. Chukueni glasi mbili bora, mjaze chupa ndogo hadi kwenye kizibo, muweke mahali pa baridi na kuonja tena baada ya saa 48, kisha baada ya wiki. Mseto uliokuwa na kelele siku ya kwanza mara nyingi hutulia, na ule uliokuwa mtamu sana mara nyingine huwa bapa.

Tufanye hesabu moja pamoja. Tuseme Makutupora yenu ina kilevi asilimia 11.5, asidi gramu 6.8 kwa lita na pH 3.45. Syrah ina kilevi 14, asidi 5.2, pH 3.85. Mseto wa 85 kwa 15 utakuwa na kilevi (11.5 × 0.85) + (14 × 0.15), yaani 11.9 hivi. Asidi itakuwa 6.56. Kilevi, asidi na sukari huenda kwa wastani wa kawaida. pH haiendi hivyo, kwa sababu ni kipimo cha aina nyingine na kila mvinyo una uwezo wake wa kukataa kubadilika. pH ya mseto ipimeni kwa mashine, msiipige hesabu.

Sasa tuseme mwenye kiwanda anataka kilevi cha 12.5 kwenye chupa. Toa 12.5 kwenye 14, unapata 1.5, hizo ni sehemu za Makutupora. Toa 11.5 kwenye 12.5, unapata 1, hiyo ni sehemu ya Syrah. Sehemu moja na nusu kwa moja ni asilimia 60 kwa 40. Umepata kilevi na umepoteza mvinyo, maana kwa asilimia 40 mnywaji anakunywa Syrah iliyozimuliwa. Hesabu hii tunaileta makusudi: mseto usitumike kutafuta kilevi. Kilevi kinatafutwa shambani.

Siku ya kuchanganya tangi zima, kosa la kawaida ni kusahau kwamba vimiminika viwili havichanganyiki kwa kuwa tu viko chombo kimoja. Mvinyo wenye kilevi kingi ni mwepesi, unaelea juu. Tangi la lita 1,000 linaweza kukaa siku kadhaa likiwa na tabaka mbili, na chupa za mwanzo zikatoka tofauti na za mwisho. Pitisheni mvinyo wa pili kupitia valvu ya chini, kisha uzungusheni kwa pampu polepole hadi kiasi kinachozidi ujazo wa tangi zima kiwe kimepita. Mpira wa pampu uingie ndani ya mvinyo, usimwage kutoka juu, maana povu linameza hewa. Chukueni sampuli ya juu na ya chini mpime kilevi au pH. Zikilingana, mmemaliza.

Siku hiyo hiyo rekebisheni salfa. Kiasi kinachohitajika kinategemea pH: ili kupata ulinzi wa kiwango cha kati, pH 3.4 inahitaji salfa huru, yaani ile ambayo haijashikana na vitu vingine, miligramu 20 hivi kwa lita, pH 3.6 inahitaji 31, na pH 3.8 inahitaji karibu 50. Hapo ndipo Syrah yenye pH ya juu inapodai malipo. Metabisalfaiti hutoa salfa asilimia 57 ya uzito wake. Kwa tangi la lita 500 mkihitaji kuongeza miligramu 20 kwa lita, mnahitaji gramu 10 za salfa, yaani gramu 17.5 za unga. Tumieni mizani, kijiko hakina gramu.

Kisha mwache mvinyo upumzike wiki sita hadi nane kabla ya kufunga chupa. Sababu ni ya kikemia. Mivinyo miwili ambayo kila mmoja ulikuwa umetulia inaweza kuyumba ikikutana. Kilevi, pH na potasiamu hubadilika, na chumvi ya tartariki ambayo ilikuwa imeyeyuka huanza kujenga vipande vinavyong'aa kama vioo. Havina madhara, lakini wanywaji wetu wengi huweka hata mvinyo mwekundu kwenye friji, na mteja akiona kitu kinachong'aa chini ya glasi anarudisha chupa akidai kuna vioo. Wekeni chupa mbili za mseto kwenye friji ya kawaida wiki mbili. Zikijenga vipande, tangi lipoozwe au lipewe muda zaidi.

Yapo mambo mengine yanayoharibika, na karibu yote yana mzizi mmoja, yaani haraka. Ukichanganya mvinyo mkavu, yaani usiobaki na sukari, na Syrah iliyobakiwa na sukari gramu 30 kwa lita, kwa asilimia 15 umeingiza gramu 4.5 za sukari katika kila lita ya mseto. Gramu 4 tu zikichachuka ndani ya chupa zinatosha kuleta mgandamizo wa takriban angahewa moja: kizibo husukumwa, mvinyo unachemka ulimini, na mashapo yanarudi. Ukichanganya mvinyo uliomaliza kugeuza asidi ya maliki na ambao haujamaliza, bakteria wanapata chakula kipya, na matokeo ni gesi chupani na mvinyo usio ang'avu. Na tafadhali, mvinyo wenye harufu ya siki usiingizwe kwenye mseto kwa hoja kwamba "utapotea humo". Mkiwa na lita 100 zenye asidi ya siki gramu 1.5 kwa lita mkazimwaga kwenye lita 900 nzuri, namba itaonekana ndogo, lakini mmepandikiza bakteria kwenye tangi zima. Kila mara tangi likibaki na nafasi ya hewa watafanya kazi yao.

Pipa la mwaloni nalo lina neno. Pipa la lita 225 ni ghali, na pipa jipya hutoa ladha ya vanila na moshi inayokaa juu ya kila kitu. Kama mnalo, wekeni Syrah au Cabernet humo, si Makutupora. Aina yenye ukakasi hubeba mbao vizuri, na ladha hiyo ikigawanywa kwenye mseto wa asilimia 15 inakuwa kiungo badala ya mchuzi.

Kuhusu mvinyo mweupe tutasema kidogo tu. Chenin Blanc tayari inalimwa hapa, na pamoja na Makutupora nyeupe inafanya mseto mzuri kwa sababu inashikilia asidi yake hata kwenye joto. Majaribio ni yale yale, ila joto la kuchachusha liwe nyuzi 14 hadi 18. Kama kiwanda hakina mtambo wa kupooza, ni afadhali kuuza zabibu nyeupe mbichi kuliko kutengeneza mvinyo mweupe uliochemka.

Kwenye lebo andikeni ukweli kwa mpangilio wa wingi: Makutupora nyekundu kwanza, Syrah baadaye. Wanaofikiria kuuza Ulaya wajue kanuni za huko: ukitaja aina moja tu, angalau asilimia 85 ya mvinyo iwe ya aina hiyo, ukitaja mbili, mvinyo wote utokane na hizo mbili, na kubwa itangulie. Mseto wa 88 kwa 12 unaweza kubeba jina la Makutupora peke yake kihalali huko, na pengine hiyo ndiyo namna nzuri zaidi ya kulitangaza jina hilo. Wapo watakaosema jina la Cabernet linauza zaidi dukani. Linauza chupa ya kwanza. Kwa chupa ya pili utashindana na Cabernet zilizotoka nchi zenye mashamba makubwa mara elfu kuliko yako, na kwa bei hutawaweza.

Limebaki swali ambalo wakulima hutuuliza kila mara: je, ning'oe Makutupora nipande Syrah? Piga hesabu kwanza. Tuseme unataka chupa 1,000 za mililita 750, yaani lita 750. Asilimia 15 ya Syrah ni lita 112.5. Kilo moja ya zabibu nyekundu hutoa lita 0.65 hivi za mvinyo uliochujwa, kwa hiyo unahitaji kilo 173. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya mashapo, majaribio ya mezani na kujazia tangi, ufikie kilo 190. Mche uliotunzwa na ambao haukubebeshwa kupita kiasi, tuseme unakupa kilo 3 kwa msimu. Hiyo ni mizabibu 63, nawe panda 80 kwa kuwa mingine itakufa au itachelewa kuzaa. Ni mistari miwili ya mizabibu 40 pembeni mwa shamba, yenye mkasi wake na tarehe yake ya kupogolea. Makutupora yako iache ilipo.